TSH (kipimo cha tezi) ya mama haipandi mwezi wa tatu sasa, na dozi inaongezwa tu. Tunapima kipimo sahihi kweli?

#1 Mtoto wa Kitangari
Wakuu habari za jioni. Wenye uzoefu wa hospitali za huku kusini nisaidieni.

Mama yangu ana miaka 58, kwake Newala. Mwaka jana kwenye msimu wa korosho alianza kukonda huku anakula, tena anakula kuliko sisi. Amekaa tu anabangua korosho, moyo unamwenda mbio kama katoka kupanda kilima. Mikono ikawa inatetemeka, uzi hauingii kwenye sindano. Tulizunguka: malaria, presha, vidonda vya tumbo, UKIMWI wakampima mara mbili. Februari tabibu mmoja akamshika shingo, akasema hii ni tezi. Damu ikapimwa, TSH chini ya 0.01, FT4, yaani homoni ya tezi yenyewe, ikawa 48. Akaanzishiwa kabimazoli, dawa ya kuzuia tezi, 20 mg kwa siku pamoja na propranololi ya kutuliza moyo.

Sasa shida iko hapa. Kila tukirudi kliniki wanapima TSH peke yake. Machi 0.01, dozi ikaenda 30. Aprili 0.01, dozi ikaenda 40. Juzi 0.01 tena, tukaambiwa mwezi ujao wataongeza. Lakini huyu mama ninayemwona siye yule wa Februari. Kaongezeka kilo 7, uso umejaa, sauti imekuwa nzito, anasinzia katikati ya maongezi, choo anapata baada ya siku nne. Na anavaa sweta na kanga mbili juu yake.

TSH peke yake inatosha? Au kuna kipimo tunarukwa?

#2 Pweza Mkavu
Nimeona "tezi" nikaingia mbio nikijua ni tezi dume, maana umri nao umeshabisha hodi. Kumbe shingo. Basi nakaa hapa pembeni nijifunze.

#3 Mpiga Salfa
Pole na mama mkuu. Ila sweta Newala mwezi huu hata mimi navaa, kule juu kuna baridi bwana. Usimsingizie tezi. Hizo kilo 7 ndizo zimenishtua.

#4 Mtoto wa Kitangari
@Mpiga Salfa yuko kwangu Chuno, Mtwara mjini, tangu Aprili. Sweta ya saa nane mchana, feni imezimwa kwa amri yake. Watoto wanalala barazani.

#5 Maabara Usiku
Niko zamu, nitaandika kwa vipande.

TSH haitoki kwenye tezi ya shingo. Inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamrisha ya shingoni izalishe. Homoni ikizidi mwilini, huyu wa juu ananyamaza, ndiyo maana TSH inashuka mpaka karibu na sifuri. Ukianza dawa, homoni za tezi ya shingo, T4 na T3, zinaweza kurudi mahali pake ndani ya wiki chache, lakini huyu wa juu kazoea kunyamaza. Anaweza kukaa wiki nyingi, hata miezi, hajaamka.

Kwa lugha ya huku, TSH ni bei ya mnada wa wiki iliyopita. Inakuambia korosho zilikuwa shilingi ngapi. Ukitaka kujua mzigo ulioko ghalani leo, angalia FT4 na FT3, yaani T4 na T3 huru.

Kwa hiyo miezi ya mwanzo dozi inafuata FT4 na FT3, kila wiki 4 hadi 6. TSH ipimwe, hakuna ubaya, ila isiachiwe usukani. Mtu anayeongeza kabimazoli kwa sababu TSH bado 0.01 anaweza kumvusha mgonjwa ng'ambo ya pili, homoni zikapungua mno, bila kujua. Na dalili ulizoandika, mkuu, ni za ng'ambo ya pili.

#6 dada wa Rahaleo
Nakazia #5. Mimi TSH yangu ilichukua miezi saba kusogea, na FT4 ilishakuwa sawa mwezi wa pili. Daktari wangu alikuwa anaandika FT4 kwa herufi kubwa na anaizungushia duara ili maabara wasijichagulie. Hata hivyo siku moja nilirudishiwa T4 ya jumla badala ya T4 huru. Nilikuwa natumia vidonge vya uzazi wa mpango, jumla ikaonekana juu, nikapandishiwa dozi. Wiki tatu baadaye nilikuwa nalala kama gunia.

#7 Tabibu Mstaafu
Nimefanya kazi vituo vya Lindi na Mtwara miaka mingi, niruhusuni nitetee upande wa pili. Mara nyingi kliniki inapima TSH peke yake kwa sababu ndiyo iliyopo. Vitendanishi vya FT4 vimeisha, mashine inasubiri fundi kutoka Dar, na mgonjwa kasafiri kilomita 100. Unamwambiaje arudi? Unafanya na ulichonacho, unamwangalia mtu mwenyewe: mapigo, uzito, mikono. Lawama yangu ni kwamba hapa hawakumwangalia mtu.

La pili. Maabara Usiku yuko sahihi ila asiishie FT4. Wapo ambao FT4 imetulia na FT3 iko juu, bado wanaungua. Ukipunguza dawa kwa FT4 tu, huyo utamrudisha nyuma.

La tatu. Kuna madaktari wanaotumia dozi kubwa kwa makusudi, wanaizima tezi kabisa kisha wanampa thairoksini, homoni ya tezi ya kidonge, ya kufidia. Muulize mama kama ana kidonge cha pili cha asubuhi.

#8 Mtoto wa Kitangari
Shikamoo tabibu. Hana. Ana kabimazoli na propranololi tu, nimemwaga mkoba wote mezani. Nimekuta na unga wa mlonge, anasema wa nguvu.

#9 Tabibu Mstaafu
Marahaba. Mlonge uache kwanza. Na hiyo propranololi ujue inapunguza mapigo bila kutibu tezi. Moyo ukitulia kwa propranololi si ushahidi kwamba homoni zimeshuka, na ukienda polepole sana sasa hivi ndiyo kabisa. Mpime mapigo leo.

#10 Mzee wa Makopa
Mnazunguka mbuyu. Tatizo ni chumvi. Sisi huku tumekula chumvi ya mawe ya mashimoni tangu babu, haina madini joto. Juu yake muhogo asubuhi, muhogo jioni. Rovu zimejaa bara mpaka pwani. Mpeni mama chumvi ya pakiti yenye madini joto, tezi itarudi. Vipimo ni kula hela za watu.

#11 Maabara Usiku
@Mzee wa Makopa shikamoo. Nusu nakuunga mkono. Ni kweli Lindi na Mtwara wachemsha chumvi wadogo ni wengi na chumvi isiyo na madini joto imekuwa tatizo la siku nyingi. Muhogo nao usiolowekwa vizuri unazuia tezi kutumia madini joto. Tezi ikihangaika miaka, inavimba, inaota vinundu.

Ila sasa hapo ndipo unapokosea. Baadhi ya vinundu hivyo uzeeni vinaanza kujiendea vyenyewe, havisikii amri ya TSH. Mtu wa namna hiyo ukimwongezea madini joto ghafla, unampa kuni. Zimbabwe miaka ya 1990, chumvi ilipoanza kuwekwa madini joto, wagonjwa wa tezi kuzidi waliongezeka. Chumvi ya pakiti inakinga watoto na mama wajawazito, isiachwe. Si dawa ya mama wa Newala mwenye TSH 0.01.

#12 Mzee wa Makopa
Marahaba. Nilivyosema mimi chumvi imo, nimekosea wapi?

#13 Ngalawa
Niongeze kuni hizo hizo. Kwetu Kilwa siku hizi mwani unauzwa unga, sabuni, mpaka juisi. Shangazi yangu alikuwa na tezi, akaambiwa juisi ya mwani inasafisha damu. Kikombe kila asubuhi. FT4 ikagoma kushuka miezi minne, dawa anakunywa mbele yetu. Alipoacha juisi ikashuka. Kama ni mwani au ni bahati, mimi si mtaalamu.

#14 Pweza Mkavu
Kwa hiyo muhogo mbaya, chumvi mbaya, chumvi ikikosekana mbaya, mwani mbaya, mlonge mbaya. Sisi wa pwani tule feni ya Mtoto wa Kitangari ambayo haitumiki?

#15 Nachingwea Stendi
Mimi nina kisa cha vipimo, si cha chakula.

Baba mdogo alipimwa Mtwara, karatasi ikasema FT4 38. Wiki sita akatumia dawa, akapima sehemu nyingine alipokwenda msibani Dar, ikaja 2.1. Jamani, tulichinja kuku. Kutoka 38 hadi 2.1! Shangazi akashauri dawa ziachwe, zisije zikamwua. Akaacha siku tisa, mikono ikaanza tena.

Kuja kuweka karatasi mbili sambamba, ya kwanza pembeni imeandikwa pmol/L, kiwango cha kawaida 12 hadi 22. Ya pili ng/dL, kiwango 0.9 hadi 1.7. Ukizidisha 2.1 kwa 12.87 unapata 27. Ilikuwa imeshuka, ndiyo, ila bado juu. Kuku tulishamla.

Tangu hapo daftari la baba mdogo lina safu tano: tarehe, namba, kizio, kiwango cha maabara hiyo, dozi ya siku ile. Na tunapima sehemu moja kila tunapoweza.

#16 Maabara Usiku
#15 naomba mods waibandike juu. Wagonjwa wanatusomea namba kwenye simu, ukiuliza kizio wanakasirika.

#17 binti Ndoro
Lindi hapa. Mimi niliambiwa nina tezi mwaka juzi, TSH chini, FT4 juu, nikaandikiwa kabimazoli. Sina dalili hata moja! Nanenepa, nalala. Daktari mmoja mdada akaniuliza unatumia nini kwa nywele. Nikamwonyesha vidonge vya nywele na kucha, vimejaa biotini, aina ya vitamini. Akaniambia acha, urudi baada ya wiki. Vipimo vikawa safi, na kabimazoli sikuimeza hata moja. Kumbe biotini inaivuruga mashine, TSH inaonekana chini na FT4 juu, uongo mtupu.

Muulize mama anatumia nini.

#18 Mpiga Salfa
Mama wa miaka 58 Newala avae vidonge vya kucha 😂

#19 binti Ndoro
Na wewe ungeambiwa mwani kwenye juisi ungecheka hivyo hivyo.

#20 Kaka Mingoyo
Swali la haraka: damu si lazima itolewe kabla ya kula? Sisi tulirudishwa kwa sababu mgonjwa alikunywa chai.

#21 Maabara Usiku
Kwa TSH, FT4, FT3 chai haina neno. Labda walitaka na sukari au mafuta siku hiyo. Anayetumia thairoksini ndiye tunamwomba atolewe damu kwanza, kidonge baadaye. Jitahidini tu muda uwe unafanana kila mara, maana TSH inapanda na kushuka kidogo ndani ya siku.

#22 Bi Mikindani
Wanangu nawasalimu. Mnazungumza T hii na T ile, kipimo kilichoniokoa mimi hakuna aliyekitaja.

Nilikuwa na wiki ya tano ya kabimazoli. Koo likaanza kuuma, nikajua upepo wa kusi. Siku ya pili homa, mdomoni vidonda. Nikaenda duka la dawa nikapewa amoksilini na dawa ya kusukutua. Siku ya nne sikuweza kumeza mate, mwanangu wa kike ananipa maji kwa kijiko yanarudi puani. Muuguzi jirani alipopita kunijulia hali akaona kisanduku cha kabimazoli dirishani. Hakukaa hata kwenye mkeka. Alisema: "Bi, hiyo acha sasa hivi, twende tukapime picha nzima ya damu." FBP ilipotoka, chembe nyeupe za kupigana na maradhi zilikuwa karibu zimekwisha. Nililazwa siku kumi na moja, chumba cha peke yangu, wageni wanapunga mkono dirishani.

Aliyeniandikia dawa hakuniambia. Labda aliniambia nikasahau, sitamsema. Lakini nyinyi mwambieni mama: homa au koo, kabimazoli chini, FBP siku hiyo hiyo, usiku au mchana.

#23 Mtoto wa Kitangari
Shikamoo bi. Hili hatukuambiwa kabisa. Nimeshaandika kwenye kisanduku chake kwa kalamu ya wino mzito.

#24 dada wa Rahaleo
Mimi FBP nilikuwa napimwa kila kliniki, hata sina homa.

#25 Tabibu Mstaafu
@dada wa Rahaleo wapo wanaofanya hivyo. Shida ni kwamba chembe zinaweza kuanguka ghafla, leo kipimo kizuri, wiki ijayo kitanda. FBP safi ya Jumatatu isikutulize homa ya Alhamisi. Mimi nilikuwa napima FBP na ini kabla ya kuanza dawa nipate pa kulinganishia, baada ya hapo nasubiri dalili.

#26 dada wa Rahaleo
Kwa mgonjwa anayekaa kijijini siku nzima kutoka maabara, mimi ningependa kipimwe tu kila mara. Tutofautiane hapo, tabibu.

#27 Kaka Mingoyo
Mke wangu alianza yake mwezi wa tatu baada ya kujifungua. Moyo, jasho, kukonda. Tulikimbilia kutaka kabimazoli, daktari akakataa, akasema baada ya uzazi tezi inaweza kuvimba na kumwaga homoni iliyokwisha tengenezwa, na kabimazoli inazuia kutengeneza, haizuii kumwaga. Akaagiza TRAb, kingamwili zinazoichochea tezi. Zikatoka hazipo. Akampa propranololi, tukasubiri. Miezi miwili homoni zikashuka zenyewe, zikapitiliza chini, zikarudi. Wangempa kabimazoli tungesema imemponya.

#28 Ngalawa
TRAb huku inapimwa wapi? Sampuli ya shangazi ilipelekwa Dar. Ilikuwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kikakata barabara pale Somanga. Damu ikalala njiani na abiria.

#29 Maabara Usiku
Damu yenyewe ikishatenganishwa, seramu ikakaa kwenye ubaridi, siku kadhaa haina shida. Shida ni karatasi ya majibu, hiyo ndiyo hukaa njiani mpaka mgonjwa anapona au anahama.

#30 Mtoto wa Kitangari
Wakuu MREJESHO.

Leo nimempeleka mama kwingine, nimelipa mwenyewe. Mapigo 54. Majibu:
TSH 0.02
FT4 6.1 pmol/L, kiwango cha pale 12 hadi 22
FT3 2.4 pmol/L, kiwango 3.1 hadi 6.8

Daktari ameshika karatasi ya kliniki na hii, kila mkono moja, akanyamaza kama dakika nzima. Kabimazoli imeshushwa mpaka 5 mg, propranololi tunapunguza taratibu mpaka iishe, kurudi baada ya wiki nne na FT4 na FT3, siyo TSH peke yake. Ultrasaundi ya shingo inaonyesha vinundu pande zote mbili. TRAb imeagizwa, inakwenda Dar.

#31 Maabara Usiku
Ng'ambo ya pili, kama tulivyosema.

#32 Mzee wa Makopa
Vinundu! Nani alisema chumvi?

#33 binti Ndoro
Samahani naomba kueleweshwa. Homoni zimeshuka hivyo, mbona huyo wa juu hajaamka? FT4 ya 6 si ingekuwa kengele tosha? Je, kama tezi ya ubongoni yenyewe ndiyo mbovu?

#34 Maabara Usiku
Swali zuri. Akiwa ametoka kwenye homoni nyingi muda mrefu, kukawia huku hutokea, na mama alikaa miezi akizungushwa malaria na presha. Biotini siyo, maana ingepandisha FT4, isingeishusha. Lakini kama miezi inakwenda, FT4 bado chini na TSH bado imelala, hapo mimi nami ningetaka wamwangalie huko juu.

#35 Tabibu Mstaafu
Mimi nina shaka nyingine. Ile 48 ya Februari ilipimwa mara moja tu, na FT3 haikuwepo. TSH ya chini haisemi kama ni vinundu, ni Graves (kinga ya mwili inaichochea tezi), au ni uvimbe wa muda unaojiishia wenyewe. Kama ulikuwa wa muda, tumemnywesha mtu vidonge nane kwa siku kwa ugonjwa uliokuwa unaondoka. Vinundu mtu wa miaka 58 wa Newala anaweza kuwa navyo na visiwe ndio wakosaji. TRAb ikiwepo ni Graves, atatumia dawa miezi 12 hadi 18 na itapimwa tena kabla ya kuacha. Isipokuwepo bado tutabishana.

#36 dada wa Rahaleo
Na kama ni vinundu, vidonge vinatuliza tu, ukiacha ugonjwa unarudi. Mimi hatimaye nilikunywa dawa ya mionzi hospitali ya Ocean Road, Dar. Sasa natumia thairoksini, na sasa ndiyo TSH imekuwa kipimo changu kikuu. Maisha haya.

#37 Pweza Mkavu
Nimeelewa kila kitu isipokuwa nani amesema kweli.

#38 Bi Mikindani
Mwanangu wa Kitangari, mama anaendeleaje mwenyewe, mbali na namba?

#39 Mtoto wa Kitangari
Bi, siku ya kumi na mbili leo. Choo kimefunguka. Kanga moja ameitoa, sweta bado. Jana alinigombeza nusu saa nzima bila kusinzia kuhusu mikorosho kutopuliziwa salfa. TRAb haijarudi, wanasema wiki ijayo.

#40 Mpiga Salfa
Kuhusu salfa mama yuko sahihi mia kwa mia. Umechelewa mkuu. Njoo inboksi nikupe bei.

#41 mgeni_2
Wakuu sijasoma uzi wote. TSH yangu 6.2, hiyo ni juu au chini?

#42 Nachingwea Stendi
Kizio gani, na kiwango cha maabara yenu kimeandikwa ngapi?